Mzaliwa wa Unguja na Wimbo Uliotugawanya Bwenini

Naandika kutoka Eldas, kwenye jua, vumbi na ngamia wanaopita mbele ya lango la shule kana kwamba shule ni yao. Mwaka huu mlezi wa chama alitoa agizo moja tu: kila mwanachama amchague mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani, aandike maisha yake, na asinukuu hata neno moja la mtu. Alisema mwaka jana tulijaza kurasa kwa maneno ya wenyewe hadi ikawa sisi hatujaandika kitu. Basi wenzangu wengi wakamkimbilia Shaaban Robert, wengine Mekatilili wa Menza. Mimi nimemchagua mwimbaji wa roki. Najua wapo watakaoguna. Tafadhali someni kwanza, mgune baadaye.

Chanzo chake ni likizo ya Aprili. Abti yangu ni dereva wa lori, huleta unga, sukari na mafuta ya kupikia mpaka huku kwetu. Nilikuwa narudi naye kutoka Wajir mjini, na kama kawaida ya barabara ile, lori likazama mchangani usiku. Tukakaa kungoja watu wa kutusukuma. Abti akafungulia muziki wake. Zikapita nyimbo za Kisomali za udi na ngoma, zile anazozipenda, kisha ghafla ukaja wimbo wa ajabu. Ulianza kwa sauti nyingi za upole, ikafuata piano na kijana anayemlilia mama yake, kisha watu wengi wakawa wanabishana kama wako mahakamani, halafu magitaa yakanguruma, mwisho ukafifia kama taa inayoishiwa mafuta. Pale kwenye mabishano nikasikia neno Bismillah. Nikamwomba abti aurudishe nyuma. Akaurudisha mara tatu. Wallahi lilikuwa Bismillah!

Abti akaniambia kwamba mwimbaji yule ni mzaliwa wa Unguja. Sikumwamini. Abti wangu hujulikana kwa kutia chumvi.

Niliporudi shuleni nikalisimulia jambo hilo bwenini, na hapo ndipo moto ulipowaka. Kuna kijana tunayemwita Sheikh kwa sababu ya uchaji wake. Yeye alishikilia kuwa ni kosa kubwa kulitia neno takatifu ndani ya muziki wa magitaa, na aliyelitia alikuwa anacheza na dini za watu. Binamu yake, ambaye ni jirani yangu wa kitanda, akamkatalia kabisa. Kwake yeye, kijana wa kwenye wimbo yuko taabuni, amekabwa na watu wabaya, na mtu akikabwa humtaja Mungu. Kwa hiyo pale pana dua, hapana mchezo. Wa tatu alikuwa mwanafunzi aliyehamia kwetu kutoka Nairobi, mpenzi wa roki kwelikweli. Huyu alitucheka sote. Alidai tunapoteza wakati, kwamba Freddie Mercury alikuwa mtu wa mavazi na mbwembwe, maneno yake yamepangwa ili yalingane mwishoni basi. Mwanaroki wa kweli, kwake, ni Kurt Cobain wa Nirvana, aliyefariki 1994, ambaye hata usipoelewa anachosema unausikia uchungu wake tumboni.

Jamani, nani alijua wimbo wa dakika sita ungeweza kuvunja udugu? Sheikh na binamu yake walikuwa wakila sinia moja tangu kidato cha kwanza. Wiki ile wakatengana. Mmoja akahamia sinia ya vijana wa Griftu, mwingine akala peke yake pembeni. Kiranja wa bweni akataka kutupeleka kwa mwalimu wa zamu. Mlezi wa chama alipopata habari hakumwadhibu mtu. Alinitazama mimi niliyeleta maneno, akaniagiza nikatafute huyo mtu alikuwa nani. Nilikubali kwa furaha. Nilidhani nikiyajua maisha yake nitaujua wimbo, nikiujua wimbo nitawapatanisha wale wawili.

Abti hakutia chumvi. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe wa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni katika Mahakama Kuu. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, yaani watu wa asili ya Uajemi ambao mababu zao walihamia India karne nyingi zilizopita, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Kwa hivyo hakuwa Mwislamu, na hilo Sheikh alilipokea kwa kutikisa kichwa kana kwamba kesi imekwisha. Lakini hebu fikiria: mtoto anayekulia katika vichochoro vya Mji Mkongwe atakosaje kulisikia neno hilo? Kule hulisikia dukani, mlangoni, na kabla ya kila mlo.

Alipotimiza miaka minane wazazi walimpeleka shule ya bweni India, St Peter's ya Panchgani, mji wa milimani si mbali sana na Bombay. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Mimi nilipelekwa bweni nikiwa darasa la nne, na kutoka kwetu hadi shule ni mwendo wa nusu siku tu, lakini usiku wa kwanza nililia mpaka mto ukaloa. Huyu alitenganishwa na mama yake na bahari nzima. Huko Panchgani ndiko walikoanza kumwita Freddie. Alijifunza piano, na mnamo 1958, akiwa na miaka kumi na miwili, yeye na wenzake waliunda bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Mwimbaji mkuu hakuwa yeye! Yeye alipiga piano tu huku nyuma. Wale mnaowekwa mstari wa mwisho katika kwaya ya shule, shikeni hilo.

Tena alikuwa na meno. Alizaliwa na meno manne ya ziada nyuma, yakayasukuma ya mbele nje, na watoto wakamtania sana. Hata alipotajirika hakuyatengeneza. Aliogopa kwamba akiyang'oa sauti yake itabadilika.

Alirudi Unguja mwaka 1963, lakini hakukaa. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliitikisa nchi, watu wengi waliuawa, na familia ya Bulsara ikakimbilia Uingereza, ikafikia Feltham karibu na London. Alikuwa na miaka kumi na saba. Hapa kwetu tunajua maana ya mtu kufika ugenini na sanduku moja. Huko alisomea sanaa ya uchoraji chuo cha Ealing, akamaliza 1969. Alibeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, akauza mitumba katika soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Naam, mitumba, kama ile ya soko letu. Mwaka 1970 akaungana na Taylor na mpiga gitaa Brian May, wakajiita Queen. John Deacon aliingia 1971 akakamilisha wanne. Ndipo Bulsara akajipa jina la Mercury, na nembo ya bendi akaichora kwa mkono wake.

Sasa nije kwenye wimbo wenyewe, maana huo ndio ulionituma. Unaitwa Bohemian Rhapsody, ulitoka tarehe 31 Oktoba 1975, nao umo katika albamu ya A Night at the Opera. Una urefu wa dakika 5 na sekunde 55, na wakubwa wa kampuni ya sahani za muziki waliona hakuna redio itakayoupiga, kwani nyimbo za siku hizo zilikuwa za dakika tatu hivi. Mtangazaji mmoja wa London, Kenny Everett, rafiki yake Freddie, akapata nakala mapema, akaupiga mara 14 kwa siku mbili. Basi! Watu wakaanza kuuliza madukani kabla haujatoka. Ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa. Ule umati tunaousikia ukibishana katikati ni watu watatu tu, Freddie, May na Taylor, walioziimba sauti zao na kuzirekodi moja juu ya nyingine, siku baada ya siku, hadi wakawa kama kijiji.

Maneno yake yanamhusu kijana anayemwungamia mama yake kuwa ameua mtu. Halafu yanakuja majina ya ajabu, yumo Galileo mtaalamu wa nyota, yumo shetani, na hiyo Bismillah. Kila mtu aliuliza maana. Na Freddie alikataa kusema. Kila alipoulizwa alijibu kwa namna ileile, kwamba ni wimbo wa ndoto, msikilizaji ausikilize, aufikirie, aamue mwenyewe unamwambia nini. Alishikilia hivyo hadi kufa.

Hapo nikaona kumbe bweni letu halikuwa la kwanza kugawanyika. Everett alisimulia kwamba Freddie alimwambia maneno yale ni ya vina tu, hayana kitu ndani. (Mnairobi wetu aliposikia hivyo alisimama akapiga makofi peke yake.) Mtunzi Tim Rice aliona kwamba yule anayeuawa katika wimbo ni Freddie wa zamani, na kwamba Freddie mpya ndiye anayejitangaza. Brian May, aliyesimama kando yake jukwaani miaka yote, anaamini kuwa mwenzake alitia nafsi yake nyingi mle, lakini naye hakuambiwa. Hawa ni watu waliokula naye, na bado hawakukubaliana!

Kali zaidi ni habari ya Iran. Mwaka 2004 serikali ya huko iliruhusu kaseti ya nyimbo za Queen iuzwe, jambo la nadra kwa bendi ya roki ya nchi za magharibi. Nyimbo za mapenzi zilitolewa, na ndani ya kaseti kukawekwa maelezo ya maana ya maneno. Bohemian Rhapsody ulielezwa hivi: kijana ameua mtu kwa bahati mbaya, akaiuza roho yake kwa shetani, usiku wa kuamkia siku ya kunyongwa anamwita Mungu kwa kusema Bismillah, na roho yake inaokolewa. Yaani ndivyo hasa alivyosema jirani yangu wa kitanda, ambaye hajawahi kufika hata Isiolo! Nilipomsomea, alikunja mikono akanyamaza kwa ushindi. Lakini Sheikh hakulala. Aliuliza nani aliwapa watu wa Tehran haki ya kuandika maana ya wimbo ambao mwenyewe alikataa kuueleza. Swali zuri, nami sikuwa na jibu. Akaongeza kwamba mwaka 1978 Freddie alitunga wimbo mwingine uitwao Mustapha, na huo umechanganya Kiingereza, Kiarabu na maneno ya kubuni. Nilishangaa ameujuaje. Kumbe naye alikuwa amekwenda kuchunguza kimyakimya.

Nikamkumbuka awowe wangu. Yeye ana mashairi ya Kisomali kichwani kuliko ng'ombe wote aliowahi kufuga. Jioni wazee wakikaa chini ya mti na chai ya maziwa ya ngamia, mmoja hutoa shairi la zamani, na mabishano huanza: je, ngamia aliyepotea katika shairi ni ngamia, ni mke, au ni nchi? Watu hukasirika kweli. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza awowe jibu sahihi ni lipi. Aliniuliza mimi nimesikia nini. Nilidhani ananikwepa kwa sababu hajui.

Sitaki msomaji adhani Freddie alikuwa malaika. Mwezi Oktoba 1984 Queen walikwenda kuimba Sun City, katika Bophuthatswana, wakati Afrika Kusini bado ilikuwa chini ya makaburu na Umoja wa Mataifa ulikuwa umewaomba wasanii wasiende. Walitozwa faini na chama cha wanamuziki cha Uingereza, wakatiwa katika orodha mbaya ya Umoja wa Mataifa. Walijitetea kuwa wao hawaingilii siasa. Mimi utetezi huo haunitoshi. Mtu aliyezaliwa Afrika, aliyefukuzwa na misukosuko ya siasa, angeweza kujua zaidi.

Lakini miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, mtu huyohuyo alisimama uwanja wa Wembley mbele ya watu 72,000, katika tamasha la Live Aid la kuchangia walioumwa na njaa Ethiopia. Ethiopia ni jirani yetu. Ukame wa 1984 haukusimama mpakani. Awowe huutaja hadi leo, kwa idadi ya mifugo aliyoiacha njiani. Queen walipewa kama dakika ishirini. Freddie alikaa kwenye piano akaanza na ule wimbo wa kumlilia mama, nusu yake tu, akamaliza kwa We Are the Champions, ambao mnaujua hata kama hamjui kuwa mnaujua, kwa sababu kila timu ikichukua kikombe huuimba. Aliinua mkono, uwanja mzima ukainua. Alitoa sauti, uwanja ukaijibu. Wengi wanasema hakuna aliyewahi kuushika umati namna ile. Nimeona picha zake katika tarakilishi ya mwalimu, na Mnairobi pia alikuwepo. Hakusema kitu kuhusu Kurt Cobain siku hiyo.

Kuhusu maisha yake ya faragha nitasema kwa ufupi. Aliishi miaka kadhaa na mchumba wake Mary Austin, wakaachana, wakabaki marafiki hadi mwisho. Baadaye aliishi na mwanamume. Aliugua UKIMWI na hakuutangaza mpaka tarehe 23 Novemba 1991. Kesho yake, tarehe 24, akafariki nyumbani kwake London akiwa na miaka 45. Nyakati zile ugonjwa huo ulisemwa kwa kunong'ona kila mahali. Hapa Kenya serikali iliutangaza kuwa janga la taifa mwaka 1999. Mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa dini ya wazazi wake, mwili ukachomwa, na mahali yalipo majivu hapajatangazwa. Wimbo ukatolewa upya, ukashika namba moja tena, na fedha zake zikaenda kwa shirika la Terrence Higgins Trust linalosaidia wagonjwa wa UKIMWI. Mama yake, Jer, aliishi hadi 2016.

Na Unguja je? Mwaka 2006 ilipangwa sherehe ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe. Kikundi cha Uamsho kikapinga, kikisema mwenendo wake haukubaliani na dini ya watu wa visiwa, na sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 jumba la kumbukumbu yake lilifunguliwa Shangani, na watalii hupanga mlangoni. Kwa hiyo hata nyumbani kwao hawajakubaliana wamfanye wao au wamwache. Ukiniuliza mimi, mtoto wa Unguja ni mtoto wa Unguja.

Nilisoma haya yote mbele ya chama siku ya Jumamosi. Nikakiri kwamba nimeshindwa kazi niliyotumwa. Maisha ya mtu nimeyapata, maana ya wimbo sikuipata. Nikasema pia kile ninachokisikia mimi: sisikii kosa la dini, wala dua, wala vina. Nasikia mtoto wa miaka minane bwenini, usiku, mbali, anayemwambia mama yake kwamba amefanya jambo na hawezi kurudi kuwa alivyokuwa. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hivyo na huenda si kweli. Kulikuwa kimya kidogo. Nadhani wapo wengine waliolowesha mito.

Kisha Sheikh akainua mkono. Nilijiandaa kwa neno Bismillah. Badala yake aliuliza kama nimegundua kwamba kijana yule anamwita mama tangu mwanzo lakini katika wimbo wote mama hajibu. Sikuwa nimegundua. Binamu yake akageuka akasema bila shaka amekwisha kufa. Sheikh akasema hapana, yuko hai, amekasirika. Mnairobi akasema yumo miongoni mwa zile sauti za katikati. Kengele ya chakula ikalia, tukatoka, nao wakawa wanabishana njia nzima mpaka mlangoni pa ukumbi. Walipokaa chini bado walikuwa wanabishana, na walikuwa wamekaa sinia moja, Mnairobi akiwa wa tatu.